Zamu ya Usiku

Bibi Terka alimleta ndani ya kofia ya marehemu mumewe,
kifaranga wa bata, mzito kama funguo mbili.
Akasema: Huyu ndiye wa mwisho, yai lilimchelewesha.
Ukitaka mchukue. Usipotaka, paka wangu anataka.

Nilikuwa nimetoka kazini, viatu vya mpira bado mguuni.
Kazi yangu ni bata. Si kuwafuga.
Hupita mbele yangu wakining'inia miguu juu, arobaini kwa dakika,
nami nina kisu kifupi, na sekunde moja na nusu kwa kila mmoja.
Tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa saba
siwezi kukuambia hata mmoja alikuwa na sura gani.

Huyu alikuwa na sura.
Jicho moja limefumba, jingine linanitazama kama mdai.
Miguu imetawanyika huku na huku, mkasi uliolegea msumari.
Tumbo baridi. Mkia umelowa.
Alilia mara moja, akaacha, kana kwamba sauti nayo ina bei.

Boróka akaleta sanduku la viatu vyake vya shule.
Vendel akaleta taa ya gereji, na neno: Kesho utamzika.
Nje, tambarare nzima ilikuwa nyeupe kwa jalidi, mwezi wa nne,
na miaprikoti ya barabarani ilikuwa imeharakisha kuchanua, maskini.

Mgonjwa haulizwi uji.
Nilimpa maji ya sukari tone kwa tone, pembeni mwa mdomo,
si katikati, asije ndege wa maji akafa maji kijikoni.
Halafu kiini cha yai (ndiyo, najua, yai)
nimekiponda na hamira ile ya bia,
maana bata hulegea miguu akikosa kilichomo ndani yake.
Hili aliniambia daktari wa kiwandani,
akiandika kwenye daftari, akidhani naulizia elfu nane.

Plasta nyembamba nikaipasua, nikamtia pingu,
mguu na mguu, upana wa kidole katikati.
Vidole vyangu ni vinene. Vimefunzwa kutafuta kiungo
ili kukitenganisha.
Vilikitafuta, vikakipata papo hapo, bila macho,
na hapo nikasimama kidogo.

Saa nane usiku. Saa tisa.
Taa inavuma kama nzi aliyefungiwa.
Nikamweka shingoni, pale mshipa unapopiga,
akauchukua mdundo ule, akalala nao.
Saa kumi ilinikuta hivyo,
na basi la kiwanda halingoji mtu.

Siku ya tatu alisimama, akaangukia kifudifudi ndani ya chakula chake.
Siku ya tano tukamfungua, tukamwogesha katika beseni la kufulia:
akapiga mbizi, akaibuka upande wa pili amekasirika,
na Vendel, yule yule wa kaburi, akapiga makofi,
kisha akajifanya anapangusa mikono.

Jina hatukumpa. Ndiyo sheria ya nyumba hii tangu kwa mama yangu:
mwenye jina haliwi.
Lakini juzi nilipita mlangoni mwa Boróka
nikamsikia akinong'ona jina, mara mbili, na akaitikiwa.
Nikaendelea na safari yangu. Nilikuwa na nguo za kuanika.

Bibi Terka ameshauliza uzito.
Mkopo wa nyumba umebakiza miaka kumi na mmoja.
Mimi sina hotuba juu ya haya;
nasugua mikono kwa limau, nanusa, nasugua tena.

Leo alfajiri amenifuata hadi langoni, pa, pa, pa,
akipiga chapa zake juu ya saruji iliyolowa,
kwa miguu niliyoifunga mimi, nikaifungua mimi.
Taa za basi zilikuwa zimeshafika kona ya kanisa.
Nikamwambia: Rudi.
Hakurudi.
Nikamwambia tena, sasa kwa jina lake.